Maswali ya Wasomaji: Umri Uliohifadhiwa Katika Kigae na Punje ya Mchanga

Katika toleo lililopita tulichapisha habari za kaburi la mtoto lililofukuliwa katika pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi, na tukataja kwamba umri wa kaburi hilo ulipatikana kwa njia ya luminesensi, yaani kwa kupima mwanga hafifu ambao punje za madini huutoa zinapopashwa joto au zinapomulikwa. Maelezo yetu yalikuwa mafupi mno, na barua zilizofuata zimeonyesha kwamba wasomaji wanataka kuielewa njia yenyewe. Nimezichagua barua zinazogusa vyungu, vigae na mchanga, na nimezipanga ili jibu moja lilifungulie jingine njia.

Huwa ninawafundisha wanafunzi wangu kwamba makaa ya kale hupimwa kwa kaboni 14, na kwamba kipimo hicho hakivuki miaka 50,000 hivi. Sasa mnaandika kwamba mtoto wa Panga ya Saidi alizikwa miaka 78,000 iliyopita. Umri huo umetoka wapi?
*Mwalimu wa historia, Malindi*

Mwalimu, unavyowafundisha wanafunzi ndivyo ilivyo. Kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi iliyomo katika kila kilichokuwa hai, hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730, na ikifika miaka 50,000 kiasi kilichosalia hakifiki hata sehemu moja kati ya mia nne ya kile cha mwanzo, hivyo uchafu mdogo tu wa kaboni mpya unatosha kulipotosha jibu. Kwa umri mkubwa zaidi ya huo ilibidi watafiti wategemee kitu kingine, na katika pango lile kitu hicho kilikuwa mchanga.

Mtoto yule, aliyekadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka miwili na nusu na mitatu, alilazwa katika shimo ambalo leo liko mita tatu hivi chini ya sakafu ya pango. Mifupa yake ilikuwa imelainika kiasi kwamba isingeweza kuondolewa mmoja mmoja, na kwa sababu hiyo bonge zima la udongo lilifungwa kwa plasta, likapelekwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi, na baadaye likasafirishwa hadi maabara ya Burgos nchini Hispania. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature, na umri uliotajwa ni miaka 78,300, ukiwa na shaka ya miaka 4,100 kwenda juu au chini.

Sasa tuingie katika namna mchanga unavyotunza muda. Katika karibu kila udongo wa dunia hii mna urani, thoriamu na potasiamu kwa kiasi kidogo sana, na elementi hizo hutoa mionzi bila kukoma; juu yake huongezeka miale michache inayotoka angani. Mionzi hiyo inapopenya katika punje ya kwatsi au ya feldispa, madini mawili ya kawaida katika mchanga, hung'oa elektroni, yaani chembe ndogo sana za atomu, kutoka mahali pake. Nyingi hurudi papo hapo, lakini baadhi hunaswa katika kasoro ndogo za fuwele ambazo wataalamu huziita mitego, na iliyo na kina kirefu kati ya mitego hiyo huweza kuishikilia elektroni kwa mamilioni ya miaka iwapo punje imebaki gizani na katika ubaridi wa ardhini. Punje ikiangaziwa na jua, elektroni zilizonaswa hutoka, na punje hubaki tupu. Kwa kwatsi, dakika chache za jua kali zinatosha kuiondoa karibu yote ile sehemu ya mng'ao inayotumiwa kupimia. Ikifunikwa tena na tabaka jingine la udongo, mlimbikizo huanza upya.

Fikiria mtungi uliokingwa chini ya mchirizi unaodondosha maji kwa kasi isiyobadilika. Mtu akijua maji yaliyomo ni kiasi gani, na akijua ni kiasi gani kinachodondoka kwa siku, atajua mtungi uliwekwa pale lini. Mtafiti naye hutafuta namba mbili: kiasi cha mionzi ambacho punje imelimbikiza tangu ilipofunikwa, na kiasi inachopokea kila mwaka pale ilipolala. Akiigawanya ya kwanza kwa ya pili anapata miaka. Kipimo kinachotumika huitwa grei, na katika udongo mwingi punje hupokea grei mbili hadi nne hivi kwa kila miaka elfu moja. Kwa hiyo punje iliyolimbikiza grei sita, mahali ambapo hupokea grei mbili kwa miaka elfu, imekaa gizani miaka elfu tatu.

Namba ya kwanza hupatikana maabarani, katika chumba chenye taa nyekundu hafifu tu. Mchanga huchekechwa, husafishwa kwa asidi, na punje za kwatsi hutengwa. Kisha ngozi ya nje ya punje huliwa kwa asidi ya hidrofloriki, kwa kuwa chembe za alfa, moja ya aina za mionzi ile, hupenya sehemu hiyo ya juu tu na kuivuruga hesabu. Punje humulikwa kwa mwanga wa buluu, nazo hujibu kwa kutoa mwanga wa urujuani usioonekana kwa macho, ambao kifaa huuhesabu chembe kwa chembe. Baada ya hapo punje zile zile hupewa mionzi ya kiasi kinachojulikana kutoka katika chanzo cha strontiamu 90, humulikwa tena, na hatua hizo hurudiwa mpaka mtafiti ajue ni kiasi gani cha mionzi kinacholeta mng'ao sawa na ule wa asili. Utaratibu huu wa kuzirudia punje hizo hizo, huku mabadiliko ya wepesi wao wa kung'aa yakisahihishwa kila hatua, uliwekwa sawa na Andrew Murray na Ann Wintle mwaka 2000, na maabara nyingi za leo huufuata.

Jambo moja ningependa, Mwalimu, uwasisitizie wanafunzi: saa hii haielezi mtoto alizaliwa lini wala mfupa una umri gani, bali punje za mchanga ziliona jua mara ya mwisho lini. Kati ya mchanga na mtoto kuna hoja inayopaswa kujengwa kwa ushahidi wa mchimbaji. Kaburi ni shimo, na shimo hukata matabaka ya zamani zaidi, kisha hujazwa udongo uliochanganyika. Huko Panga ya Saidi ilibidi kwanza kuonyeshwa kwamba udongo uliojaza shimo ulitofautiana na udongo uliolizunguka, na ndipo umri wa matabaka ulipoweza kuhusishwa na maziko. Mtafiti asiyejua punje yake ilitoka upande gani wa ukingo wa shimo anaweza kupata umri sahihi wa jambo ambalo hakuliuliza.

Mhariri, nimekutana na majina mawili, luminesensi ya joto na luminesensi ya mwanga. Je, ni kitu kimoja? Na nani aliyeanza kuitumia kwa mambo ya kale?
*Mwanafunzi wa akiolojia, Dar es Salaam*

Mitego na elektroni ni zile zile. Tofauti iko katika kile kilichoifuta saa hapo mwanzo na kile kinachotumiwa kuisoma leo. Mfinyanzi alipochoma chungu chake, moto uliopita nyuzi 500 za selisiasi hivi uliondoa elektroni zote zilizokuwa zimelimbikizwa katika punje za mchanga uliochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Kwa hiyo umri wa chungu unahesabiwa tangu kilipochomwa, na maabarani punje zake huweza kupashwa joto taratibu huku mwanga unaotoka ukipimwa. Mchanga wa mtoni au wa pangoni haukuchomwa, ulianikwa tu na jua, na kwa huo kipimo kinachofaa ni kile cha kuumulika. Siku hizi hata vigae hupimwa mara nyingi kwa kumulikwa, kwa kuwa moto huondoa pia elektroni zinazoitikia mwanga.

Kuhusu historia, mwaka 1663 Robert Boyle aliiarifu Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, kuhusu almasi iliyong'aa gizani alipoipasha kwa joto la mwili wake. Wazo la kupimia umri lilikuja baadaye sana: mwaka 1953 Farrington Daniels wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, pamoja na wenzake, walipendekeza kwamba mng'ao wa vyungu vya kale ungeweza kueleza umri wake. Kufikia mwaka 1960 watafiti wa California na wa Bern nchini Uswisi walikuwa wameonyesha kwamba jambo hilo linawezekana, na katika muongo uliofuata Martin Aitken na wenzake huko Oxford waliligeuza wazo kuwa kazi ya kila siku ya maabara. Ugumu haukuwa katika kuuona mng'ao. Ulikuwa katika kujua mionzi ya alfa, beta na gama inaingiaje ndani ya kigae, maana kila aina hupenya kwa umbali wake, na umri uliokokotolewa bila kuzitenganisha haukutegemewa.

Mlango wa pili ulifunguliwa mwaka 1985, wakati David Huntley na wenzake wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walipotumia leza ya kijani kuupima mchanga na kuonyesha kwamba tabaka la udongo linaweza kupewa umri bila kuwapo chungu wala makaa. Kwa bara la Afrika, ambako maeneo mengi ya kale yana mawe yaliyochongwa na mchanga lakini hayana mabaki ya kaboni yanayoweza kupimika, naona hatua hiyo ndiyo iliyoleta mabadiliko makubwa kuliko zote zilizotangulia.

Mama yangu alipikia chungu kimoja miaka mingi juu ya mafiga. Kama moto unafuta saa, si kila mlo ungeifuta upya?
*Msomaji, Moshi*

Ni swali zuri. Chakula kinapochemka, maji hulizuia joto la ndani ya chungu lisivuke sana nyuzi 100, na joto hilo huondoa elektroni za mitego ya kina kifupi tu, ambayo haitumiwi kupimia. Kitako cha nje kinacholambwa na ndimi za moto kinaweza kupata joto kali zaidi, na huenda kweli kikafutwa kidogo au chote. Lakini chungu cha kupikia hakidumu sana kabla ya kuvunjika, na kwa kigae cha miaka elfu moja, tofauti kati ya siku ya kuchomwa na siku ya mlo wa mwisho imo ndani ya shaka ya kipimo. Hatari iko kwingine: mji ukiteketea karne kadhaa baada ya vigae kutupwa, au shamba likichomwa wakati vigae viko juu juu ya ardhi, saa inaweza kuanza upya kwa moto ambao mfinyanzi hakuhusika nao. Mchimbaji anapaswa kuziandika dalili za moto wa aina hiyo anapoziona.

Assalaam alaykum. Tulipokuwa tukilima tulikuta chungu kizima na vigae vingi, futi mbili hivi chini. Nimekiosha na kukiweka kabatini. Nikikipeleka kwa wataalamu watanieleza umri wake? Vijana wanataka kuchimba zaidi.
*Mkulima, Pangani*

Waalaykum salaam, mzee wangu. Naomba kwanza uwazuie vijana wasichimbe, na sababu yake nitaieleza kwa urefu kwa kuwa ndiyo kiini cha jambo hili lote.

Watu wengi hudhani umri wa chungu umo ndani ya chungu. Nusu tu ya umri imo humo. Mionzi ya beta husafiri milimita mbili hivi tu, na hiyo hutoka zaidi katika udongo wa chungu chenyewe. Lakini miale ya gama hupenya sentimita thelathini hivi za udongo, na maana yake ni kwamba chungu kilichokaa ardhini kimekuwa kikipokea mionzi kutoka katika mviringo wote wa udongo unaokizunguka, pamoja na mawe, majivu na magamba ya kome yaliyomo ndani yake. Jiwe la granaiti likiwa upande mmoja na chokaa ya matumbawe upande mwingine, pande hizo hazitoi mionzi sawa. Chungu kikitolewa bila mtu kuuchukua udongo ule wala kupima mionzi ya mahali pale, mtafiti atabaki na namba ya kugawanywa asiyekuwa na namba ya kuigawanyia. Anaweza kukisia, na kisio hilo litatosha kutofautisha chungu cha kale na cha juzi, lakini halitatosha kusema ni cha karne gani.

Maji nayo yana sehemu yake. Udongo uliojaa maji huimeza sehemu ya mionzi kabla haijaifikia punje, na kwa makadirio ya jumla kila asilimia moja ya unyevu iliyokosewa huukosesha umri kwa karibu asilimia moja. Ndiyo maana udongo unaochukuliwa hufungwa mara moja ndani ya mfuko usiopitisha hewa, ili unyevu wake upimwe kabla haujakauka.

Chungu chako ulichokiosha hakijaharibika chote. Mwanga hufuta uso wa nje tu, na maabara huondoa milimita mbili za juu chini ya taa nyekundu kabla ya kuanza kazi, hivyo kiini cha kigae kinene bado kimehifadhi kumbukumbu yake. Kilicho bora zaidi kuliko chungu kile, hata hivyo, ni vigae ambavyo havijaguswa. Mtaalamu akifika atatafuta kigae kisichopungua sentimita tatu kwa upana, chenye unene wa kutosha, kilichozama katika udongo wa aina moja na kilicho mbali na uso wa ardhi. Atakitoa pamoja na donge la udongo wake, hatakipangusa, na atakitia katika mfuko mzito mweusi. Akitaka mchanga wenyewe, atagongelea bomba la chuma lililozibwa katika ukuta wa shimo, alitoe na kulifunga pande zote mbili; punje za mwanzo na mwisho wa bomba, zilizoona mwanga, zitatupwa, na za katikati ndizo zitakazopimwa. Kisha katika tundu lile lile ataingiza kifaa cha kupimia miale ya gama, au ataacha humo kidonge chenye madini yanayonakili mionzi na kukifuata baada ya miezi kadhaa. Kwa maoni yangu tundu lile lina thamani sawa na kigae chenyewe, na inasikitisha kwamba vyungu vingi vilivyomo katika makabati ya watu na hata ya makumbusho viliingia humo bila tundu lolote kuandikwa.

Kuhusu sheria, Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Zote mbili zinataka uchimbaji wa mambo ya kale ufanywe kwa kibali na ugunduzi uarifiwe. Toa taarifa kwa afisa utamaduni wa wilaya yako, umwonyeshe mahali penyewe, na uweke alama pale jembe lilipogonga chungu.

Kwa nini umri wa luminesensi hutajwa daima na shaka ya kuongeza au kupunguza? Na kama shaka ni kubwa hivyo, unasaidia nini katika miji ya Waswahili ya kale?
*Msomaji, Mombasa*

Shaka hutokana na kila namba inayoingia katika hesabu: unyevu wa udongo ambao huenda ulibadilika karne kwa karne, usambaaji wa urani na thoriamu, nguvu ya chanzo cha mionzi maabarani, na tofauti kati ya punje na punje. Vyote vikijumlishwa, maabara makini hutoa umri wenye shaka ya asilimia tano hadi kumi. Shaka hiyo hukua pamoja na umri. Asilimia nane ya miaka 900 ni miaka 72, na asilimia nane ya miaka 60,000 ni miaka 4,800.

Sasa nikujibu waziwazi. Kwa miji kama Kilwa Kisiwani au Shanga, ambako vigae vya kauri za China na vya vyombo vilivyotiwa rangi kutoka Ghuba vimezagaa katika kila tabaka, na huko Kilwa hata sarafu zenye majina ya masultani, luminesensi haiwezi kushindana. Mtaalamu wa kauri atalitaja tabaka kwa ukaribu zaidi kuliko mashine. Isitoshe, mchanga mweupe wa pwani mara nyingi ni matumbawe yaliyosagika. Huo ni chokaa, na kwatsi ndani yake ni haba.

Nafasi yake iko mahali ambapo vyombo vya kigeni havikufika: vijiji vya bara vilivyoacha vigae vya kienyeji tu, mashamba ya matuta, au vigae vilivyolala mahali pasipo na kipande cha kaa la kupimwa. Ina nafasi pia pale ambapo kaboni 14 yenyewe inayumba. Hesabu ya kaboni lazima isahihishwe kwa mstari unaotokana na pete za miti, na kati ya mwaka 800 na 400 kabla ya Kristo mstari huo umelala karibu sawa, hivyo makaa ya karne hizo nne hutoa majibu yanayofanana. Kipindi hicho kinagusa mwanzo wa ufuaji chuma na vyungu vya mtindo wa kale uitwao Urewe katika nchi za Maziwa Makuu, kuanzia Buhaya hadi Rwanda na Burundi. Umri wa luminesensi hutoka moja kwa moja katika miaka ya kawaida bila kuhitaji mstari huo. Tena hupima siku chungu kilipochomwa, wakati kaa linaweza kuwa limetoka katika kiini cha mti uliokuwa na umri wa mamia ya miaka siku ulipokatwa.

Nasikia kipimo hiki hutumika kukamata vyombo vya kughushi. Je, wadanganyifu hawajapata njia ya kukikwepa?
*Msomaji, Muscat*

Hutumika, na katika kazi hiyo shaka kubwa haidhuru, kwa kuwa swali ni kama chombo kilichomwa zamani au hivi karibuni. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha vyombo vya mtindo wa Hacilar, mahali pa kale nchini Uturuki, vilivyokuwa vimenunuliwa na makumbusho na wakusanyaji mbalimbali. Mwaka 1971 Aitken pamoja na P. R. S. Moorey na Peter Ucko walichapisha matokeo ya kupima vyombo na sanamu 66 za mtindo huo, na 48 kati yake zilionekana kuwa zimetengenezwa siku hizi. Sampuli yenyewe ni unga kidogo unaokerezwa kwa keekee mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya kitako.

Wadanganyifu wamejifunza mambo mawili. La kwanza ni kukipiga chombo kipya mionzi ya kutengeneza ili kionekane kimelimbikiza kwa karne nyingi. La pili ni kuunganisha kipande cha kale, hasa cha kitako, na mwili mpya, wakitarajia sampuli itachukuliwa hapo. Dhidi ya la pili, dawa ni kuchukua sampuli katika sehemu zaidi ya moja. La kwanza ni gumu zaidi, ingawa mionzi ya mashine mara nyingi haigawanyiki kati ya aina za punje kama mionzi ya asili inavyogawanyika, na mpimaji hodari hulilinganisha jibu la punje kubwa na la punje ndogo. Hapo tena tunarudi kwenye udongo: chombo kilichochimbwa na mtu aliyeandika mahali pake hakihitaji majaribio hayo yote.

Sisi wa Rukwa tumesikia kwamba huko maporomoko ya Kalambo zimepatikana mbao zilizochongwa miaka karibu nusu milioni iliyopita. Je, saa ya mchanga inaweza kweli kwenda mbali hivyo?
*Msomaji, Sumbawanga*

Ni kweli. Mto Kalambo, ulio mpakani mwa Tanzania na Zambia, ulichimbwa kando yake na J. Desmond Clark tangu miaka ya 1950, naye alikuta mbao za kale ambazo hakuwa na namna ya kuzipa umri, kwa kuwa zilikuwa zimevuka upeo wa kaboni 14. Kikundi kilichoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool kilirudi huko kwa uchimbaji wa mwaka 2019, na mwaka 2023 kilitangaza magogo mawili yaliyopishana, la juu likiwa limechongwa pengo ili likae sawasawa juu ya la chini. Mchanga uliozifunika mbao hizo ulipimwa chini ya uongozi wa Geoff Duller wa Aberystwyth, Wales, na umri ukatoka kuwa si chini ya miaka 476,000, na shaka ya miaka 23,000.

Kwatsi peke yake isingefika huko. Mitego ya punje ina idadi yake, na ikishajaa, mtungi wetu unafurika na maji yanayozidi hayahesabiki. Kwa kwatsi ya mahali pa kawaida hilo hutokea kati ya miaka laki moja na laki moja na nusu hivi. Feldispa ina uwezo wa kulimbikiza mionzi mingi zaidi, nayo humulikwa kwa miale ya infraredi, ambayo jicho haliioni. Kasoro yake iligunduliwa na Ann Wintle mwaka 1973: baadhi ya elektroni huvuja kutoka katika mitego ambayo kwa hesabu ingepaswa kuzishikilia, na umri hutoka mdogo kuliko ulivyo. Katika miaka ya karibuni imeonekana kwamba feldispa ikimulikwa mara mbili, mara ya pili ikiwa imepashwa joto kali zaidi, mng'ao wa mara hiyo ya pili hutoka katika mitego isiyovuja sana, na ni mbinu ya jamii hiyo iliyowezesha kazi ya Kalambo.

Uvujaji huo hutofautiana kwa asili ya jiwe. Feldispa iliyotoka katika volkano huvuja sana kuliko ile ya miamba ya granaiti, na kwa sababu hiyo mtafiti wa Bonde la Ufa hana uhuru alio nao mwenzake wa Kalambo. Katika kibanda cha mwamba cha Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, watafiti walitumia punje za kwatsi na za feldispa kwa pamoja, wakizipima moja moja, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2012. Kule Olduvai, ambako matabaka ya chini yana umri wa karibu miaka milioni mbili, luminesensi haifiki kabisa. Lakini majivu yale yale ya volkano yanayomtatiza mpimaji wa feldispa yana potasiamu inayogeuka kuwa gesi ya argoni, na kwa kuipima gesi hiyo tabaka la kwanza la Olduvai lilipewa umri wake mwaka 1961.